Gari Lisilosumbua: Kusoma Matokeo ya Ukaguzi Kabla ya Kumshauri Mnunuzi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kukagua magari na kuwashauri wanunuzi hapa Moshi, swali utakaloulizwa kuliko yote halihusu bei. Bei mteja ameshaizungusha kwa madalali kadhaa kabla hajafika kwako. Atakuuliza kama mama mmoja wa Kibosho alivyoniuliza: "Mwanangu, nitajie gari isiyosumbua." Habari za injini hakuzitaka. Alitaka jina la gari, na alikuwa na haki ya kulitaka, maana fedha aliyokuja nayo ilikuwa akiba ya muda mrefu na hakuna ambaye angemrudishia.

Mjini majibu ya swali hilo ni mengi, na karibu yote ni ya kusikia. Huyu atakwambia Toyota haina shida, yule atakwambia shemeji yake alinunua Nissan ikammaliza. Wengine wanatazama herufi ya namba ya usajili tu: "Chukua namba E, hiyo bado mpya." Hapo uwe mkali tangu siku ya kwanza. Herufi ile inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Vitz ya mwaka 2005 iliyochelewa kuingia nchini inaweza kuwa na namba E, na pembeni yake ikaegeshwa ya mwaka 2010 yenye namba C. Mteja akilipia herufi, amelipia tarehe ya usajili.

Upo ushahidi bora kuliko huo, nao ni matokeo ya ukaguzi wa lazima katika nchi zinazoyahifadhi na kuyatoa hadharani. Uingereza gari likitimiza miaka mitatu linaanza kukaguliwa kila mwaka, ukaguzi wanaouita MOT. Ukiwa na namba ya gari la kule unaweza kusoma bure mtandaoni lilifaulu lini, lilifeli lini, lilikuwa limetembea maili ngapi na lilikutwa na kasoro gani. Matokeo ya mamilioni ya magari hutolewa pia kwa pamoja, bila taarifa za wenye magari, kwa anayetaka kuyachambua. Ujerumani ukaguzi wa kwanza ni baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miwili, na kila mwaka hutoka ripoti ya TÜV, mashirika ya ukaguzi ya kule, inayopanga modeli kwa makundi ya umri. Finland nao hutoa takwimu za modeli kwa modeli, pamoja na wastani wa kilomita na kasoro zinazoongoza. Huo wastani wa kilomita ni wa thamani kubwa, nitakueleza kwa nini.

Utaniuliza, magari ya Ulaya yanatuhusu nini sisi tunaoagiza Japani? Yanatuhusu kwa sababu mengi ni yaleyale yaliyobadilishwa jina. Vitz kule ni Yaris. Fit ni Jazz, Demio ni Mazda2, Axela ni Mazda3, March ni Micra, Escudo ni Grand Vitara, Dualis ni Qashqai. RAV4, X-Trail na Forester hata jina hazikubadilisha. Ila Noah, Premio na Allion usizitafute huko, hazikuuzwa Ulaya, na usijaribu kuziazimia ushahidi wa gari jingine kwa sababu tu zinafanana injini.

Sasa kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kukimbilia asilimia. Anafungua jedwali, anaona modeli hii imefeli asilimia 18 na ile asilimia 24, anafunga, anatangaza mshindi. Hiyo asilimia peke yake haina maana mpaka ujue magari yalifeli kwa kitu gani. Nchini Uingereza, kati ya robo na theluthi ya magari madogo hufeli kwenye jaribio la kwanza, na sababu zinazoongoza mwaka hadi mwaka ni taa, mfumo wa springi na shokapu, breki, na tairi. Taa iliyoungua inahesabika kufeli sawasawa na chasisi iliyooza. Tairi lililoisha kashata ni habari ya mwenye gari aliyechelewa kununua jingine, wala halikuambii lolote juu ya kiwanda. Kwa hiyo kabla hujalinganisha, toa tairi, toa balbu, toa mipira ya waipa. Angalia kinachobaki: bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari), boljointi (maungio ya mviringo yanayoshika gurudumu la mbele), springi zilizokatika, mabomba ya breki, usukani, moshi. Hapo ndipo modeli inapoanza kujieleza yenyewe.

Soma na zile kasoro ambazo hazikuliangusha gari. Tangu Mei 2018 Waingereza wanagawa kasoro kuwa za hatari, kubwa na ndogo, halafu kuna maoni ya tahadhari. Za hatari na kubwa ndizo zinazoangusha. Mimi tahadhari nazipenda sana, kwa sababu zinaonyesha kitu kinavyokwisha pole pole. Ukikuta modeli moja, gari baada ya gari, inaandikiwa bushi za mbele zimeanza kupasuka zikiwa na maili 50,000, yaani kilomita 80,000 hivi, umepata jambo la kumwambia mteja, hata kama magari hayo yote yalifaulu. Na kwa sababu mgawanyo ulibadilika mwaka ule, usichukue takwimu za 2015 ukazipanga mstari mmoja na za 2022 ukadhani gari limeharibika au limetengemaa.

Halafu kilomita. Hapa nataka utulie, maana ndipo watu wazima wanapodanganyika. Tuchukue modeli mbili za kufikirika, kila moja ina magari 1,000. Ya kwanza ina magari 900 ambayo hayajafika kilomita 100,000, na 90 kati yake yalifeli. Mia moja yaliyobaki yameshavuka, na 40 yalifeli. Jumla 130, yaani asilimia 13. Ya pili ina magari 200 tu ya kilomita chache, yakafeli 16. Mengine 800 yametembea sana, yakafeli 240. Jumla 256, karibu asilimia 26. Ukisoma jumla, ya pili ni mbovu mara mbili ya mwenzake. Sasa yapange kilomita kwa kilomita. Kwenye kilomita chache ya kwanza imefeli asilimia 10, ya pili asilimia 8. Kwenye kilomita nyingi ya kwanza asilimia 40, ya pili 30. Ya pili ni bora pande zote mbili! Kilichoiangusha ni kwamba wenye magari hayo wanayaendesha sana. Rudia hesabu hii kwa kalamu yako mwenyewe mpaka ikukae, kwa sababu mteja wa hapa hanunui gari la kilomita 30,000. Ananunua lililotembea, na anataka kujua hilo.

Idadi nayo itazame. Modeli iliyokaguliwa magari 30 yakafeli 6, hiyo asilimia 20 yake inaweza kwa kweli kuwa popote kati ya asilimia 9 na 37 hivi. Modeli iliyokaguliwa magari 3,000 yakafeli 600, asilimia 20 yake haichezi zaidi ya pointi moja na nusu kila upande. Za namba ndogo ziache zipite.

Kuna swali la nani alikuwa anaendesha. Jazz kule Uingereza ina sifa ya kupendwa na wastaafu, watu wanaopeleka gari sevisi kwa tarehe na kulilaza ndani. Matokeo mazuri ya gari la namna hiyo sehemu ni ya gari, sehemu ni ya mzee mwenyewe. Upande wa pili, gari ambalo limeshakuwa la bei ya kutupa hufika ukaguzini likiwa na kila kitu kibovu kwa sababu mwenyewe hataki tena kulitolea hela. Na yale yaliyoharibika vibaya zaidi yalishakatwa chuma chakavu, hayapo kwenye hesabu kabisa. Ndiyo maana usishangae kuona modeli fulani kwenye umri mkubwa inaonekana nafuu kuliko ulivyotarajia: umeonyeshwa yaliyosalimika.

Jambo ambalo ningekuomba usilisahau hata siku moja: ukaguzi huu ni wa usalama barabarani. MOT haipimi hali ya injini, klachi wala gia boksi. Gari linaweza kufaulu leo asubuhi na gia zikafa jioni. Dualis ndiyo mfano ninaoutumia. Qashqai za Ulaya nyingi ni dizeli, kwa hiyo kwenye matokeo yake zimo kasoro za moshi na vichujio vya dizeli ambazo hazimhusu mteja wako hata kidogo. Dualis iliyouzwa Japani ni ya petroli, injini ya lita 2.0, na gia za CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya hatua za gia. Hizo gia ndizo zinazoweza kummaliza mtu kifedha, na hakuna mkaguzi wa Uingereza aliyeziandika popote. Jedwali linakusaidia kwenye bushi na breki za Dualis. Kwenye gia unabaki wewe na mlima. Liendeshe mpaka lipate moto, lipandishe barabara ya Kibosho au ya Machame, usikilize kama mlio wa injini unapanda huku mwendo haupandi, au kama linatetemeka linapoanza kuondoka. Kwenye lami tambarare ya kutoka Boma Ng'ombe kuelekea Usa River hutasikia kitu.

Barabara zetu nazo zinabadilisha uzito wa kila kasoro. Kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, kutu inakula mabomba ya breki na sehemu za chini. Gari lililokuja kwetu likiwa zima halitakutana na chumvi hiyo, kwa hiyo modeli inayofeli Finland kwa kutu usiinyime sifa kwa mteja wa Arusha. Lakini gari lenyewe lililokwishaishi sehemu za barafu Japani, lala chini yake utazame kabla hujasema lolote. Kwetu adui ni mawe, makorongo ya masika na vumbi. Kasoro ya boljointi ambayo kule ni neno moja kwenye ripoti, kwa mtu anayepanda kila siku barabara ya mawe ni matengenezo yanayojirudia. Mimi kasoro za chini ya gari nazipa uzito mara mbili, kutu naipunguza, moshi wa dizeli nauondoa. Ukiwa na mteja anayeishi Njiro, Arusha, na kufanya kazi mjini, uzito huo utaupanga tofauti.

Na ukishapata kasoro inayojirudia kwenye modeli, ipeleke kwenye gari lililo mbele yako. Kama ni boljointi, nyanyua gurudumu la mbele, shika tairi juu na chini, tikisa. Halafu shika kushoto na kulia, tikisa tena. Ikicheza juu na chini, mwenzako achungulie ndani huku wewe unatikisa: anaweza kuona kwa macho kama kinachocheza ni boljointi au ni bearingi ya gurudumu. Pitisha kidole upande wa ndani wa rimu. Ukikuta grisi imerushwa kwa mstari wa mduara, kiatu cha mpira cha sivii, yaani kifuniko cha maungio ya ekseli inayozungusha gurudumu, kimepasuka, na vumbi la hapa halichelewi kuingia humo.

Kwa gari la Japani una karatasi nyingine. Kule ukaguzi wao, shaken, ni baada ya miaka mitatu kwa gari jipya la kawaida, kisha kila miwili, na kilomita huandikwa. Cheti cha kusafirisha gari nje huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Zilinganishe na za kwenye dashibodi. Dashibodi ikiwa na kilomita pungufu kuliko cheti, mazungumzo ya bei yamekwisha, mwambie mteja anyanyuke.

Mwisho, matokeo ya Ulaya hayatoshi, lazima uwe na daftari lako. Kila gari unalokagua andika modeli, mwaka wa kutengenezwa, injini, aina ya gia, kilomita, limetumika wapi, na kila kasoro uliyoikuta kwa jina lake. Ukimaliza, andika pia yale uliyoyakagua ukayakuta mazima. Hili ndilo watu hawalifanyi. Fundi wa gereji kule Unga Limited, Arusha, atakwambia IST zinasumbua shokapu kwa sababu kila siku anafungua shokapu za IST. Lakini IST zimejaa mji mzima, lazima aziokote nyingi, na ambazo hazina shida hazifiki kwake. Ukiandika mabovu tu, daftari lako litasema kuwa gari bovu kuliko yote ni lile linalonunuliwa na watu wengi. Andika yote, gawanya kwa kilomita kama nilivyokuonyesha, na usimtajie mteja modeli yoyote mpaka uwe na magari ya kutosha ya modeli hiyo kwenye kurasa zako. Kabla ya hapo mwambie wazi kwamba unamshauri juu ya gari hili moja ulilolilalia chini, basi.