Plagi inachemka: chomoa hita kwanza

Ndugu, umesema friji, birika la umeme na hita vyote viko kwenye ekstensheni moja, na plagi inapata moto mpaka huwezi kuishika. Zima hita uichomoe sasa hivi, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Hesabu yenyewe ni fupi: gawa wati kwa volti, upate ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme unaopita kwenye waya. Birika la wati 2,000 na hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 ni zaidi ya ampea 17, wakati ekstensheni nyingi zimeandikwa mwisho ampea 13 au hata 10. Friji sijaihesabu, nayo kompresa yake ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi. Tena mkondo ukizidi mara mbili, joto kwenye waya huzidi mara nne.

Ila kama plagi inachemka hata kwa kifaa kimoja, nashuku soketi imelegea au skrubu ya waya haikukazwa vizuri ndani. Usithubutu kuweka fyuzi kubwa zaidi (wapo wanaofanya hivyo!), maana fyuzi ndiyo mlinzi wa waya, nawe unamfukuza. Zima swichi kuu, umwite fundi umeme abadilishe soketi. Hita ichomekwe ukutani moja kwa moja, peke yake.