Maswali ya Wasomaji: Kitenge cha kijani katikati ya chai

SWALI: Nimepiga video ya harusi kwenye mashamba ya chai Mufindi. Wapambe wamevaa vitenge vya kijani, lakini wenye harusi wanataka vionekane bluu. Natumia DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video na rangi zake. Kila nikigeuza kijani, shamba nalo linageuka. Nifanyeje?
Mpiga video, Mafinga

JIBU: Ndugu yetu, rangi peke yake haitakutosha hapo. Ibane pamoja na eneo.

Sawazisha picha nzima kwenye nodi ya kwanza (nodi ni hatua moja ya kurekebisha rangi), kisha usiirudie. Nodi ya pili husoma picha inayotoka kwa ya kwanza, kwa hiyo ukiigusa baadaye uchaguzi wako utayumba. Bonyeza Alt+S kupata nodi ya pili, chukua kifaa cha kuchagulia rangi (Qualifier), buruza juu ya kitenge, halafu Shift+H. Kilichochaguliwa kitabaki na rangi, kilichobaki kitakuwa kijivu.

Tazama chai kwa karibu. Machipukizi yanayochumwa yana kijani chenye umanjano. Hayo utayatoa kwa kubana upana wa rangi. Kinachosumbua ni majani makuukuu ya chini, yaliyokolea kama kitenge chenyewe. Hayo yakate kwa dirisha: chora umbo kumzunguka mpambe, lainisha kingo, kisha Ctrl+T ili limfuate anapotembea. Kila mpambe apewe nodi na dirisha lake. Mtu akikatiza mbele, dirisha litahama naye. Rudi hapo ulirekebishe kwa mkono, fremu kwa fremu.

Sasa geuza rangi. Kipimo chake (Hue) huanzia 50, na bluu iko theluthi ya mzunguko kutoka kijani, kwa hiyo tarajia kusogea alama kama 33. Maua meupe ya kitenge hayatabadilika, maana nyeupe haina rangi ya kuzungusha.

Ukungu wa Mufindi nao una kazi yake. Ukipita, kitenge hupauka na uchaguzi hutoboka mashimo. Shusha kikomo cha chini cha ukolevu wa rangi, au kata klipu pale ukungu unapoanza. Kingo zikionekana na ngazingazi, ujue kamera nyingi, za simu zikiwemo, huhifadhi rangi moja kwa kila pikseli 4. Lainisha kidogo (blur) kingo za uchaguzi, si picha yenyewe.

Kabla ya kutoa faili, kagua kidevu na mikono ya wapambe. Kijani cha kitenge huakisi kwenye ngozi, na ngozi yenye madoa ya bluu wenye harusi wataiona mara moja.