Waulizaji na Mafundi: Lami ya magunzi kwenye valvu

SWALI: Nina mashine ya kusaga mahindi ya dizeli hapa Mbozi. Fundi alinifungia tanuri la kugeuza magunzi kuwa gesi. Wiki mbili dizeli ilipungua sana, kisha mvua zikaanza na valvu zikawa zinakwama kwa lami, ule utomvu wa moshi unaonata. Nimeongeza chujio la pili, wapi! Je, pumba za mpunga zitasaidia?

JIBU: Achana na machujio kwanza. Lami huunguzwa ndani ya tanuri, kwenye koo, pale palipobanwa juu ya wavu. Mkaa wa hapo ukipita nyuzi 900, lami inayoshuka na gesi huvunjika ikawa gesi nayo. Koo likipoa inapita nzima, na chujio lolote litajaa.

Umesema mvua, basi anza na unyevu. Pima kilo moja ya magunzi yaliyokatwa, yaweke juu ya bati lenye moto mdogo, yasiungue, mpaka uzito ugome kushuka. Yakibaki gramu 850, unyevu ni asilimia 15: tumia. Yakibaki chini ya 800, yarudishe darini.

Kosa la pili, na wengi hawalioni, ni kuacha injini izunguke kwa gesi ikisubiri wateja. Bila mzigo inavuta hewa kidogo, koo linapoa. Subiri madebe sita saba yapange foleni ndipo ufungulie gesi. Yakiisha, rudi dizeli tupu, na usizime injini kabla haijaenda hivyo dakika tano, maana lami hugandia valvu zikipoa.

Asubuhi jaza mkaa wa ukubwa wa kidole gumba kutoka kwenye wavu hadi juu kidogo ya matundu ya hewa, magunzi yafuate. Washa gesi kwenye bomba la pembeni kabla ya kuipeleka kwenye injini. Ikitoa moshi mweupe mzito, subiri. Moshi ukiisha, zima mwali, kisha pitisha kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba kwa koleo: doa jeusi kavu ni masizi tu, doa la rangi ya chai linalonata ni lami.

Haya yote yafanyike nje. Gesi hii ina kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, na inaua. Kichwa kikianza kuuma, ondoka hapo.

Pumba, hapana. Karibu sehemu moja ya tano ni majivu ya silika (madini ya mchanga), yanayoyeyuka na kuziba koo kama chupa iliyoungua. Zina tanuri lao, lisilo na koo.

SWALI: Kwa nini nisizime dizeli kabisa?

JIBU: Gesi ya magunzi haijiwashi kwa mgandamizo, tone la dizeli ndilo kiberiti chake. Hesabu kubakiza asilimia 20 hadi 30. Injini ya petroli yenye plagi huenda kwa gesi tupu, ila nguvu hushuka karibu nusu, kwa kuwa takribani nusu ya gesi yenyewe ni naitrojeni isiyowaka.