Kabla hujatuma ikisiri kwenye mkutano wa TEHAMA ya afya

Wenzangu wa vitengo vya TEHAMA na takwimu, Mbeya na Iringa, huniletea ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, nizipitie kabla hazijaenda kwenye mikutano ya TEHAMA ya afya kama HELINA ya Afrika, MEDINFO ya dunia au kwingineko. Nyingi huanza hivi: "Tumetengeneza mfumo wa kusajili wajawazito." Hongera. Sasa mmegundua nini? Hapo kimya.

Mhakiki ameshasoma habari za mifumo mpaka amechoka. Mpe swali lenye jibu, na wewe maswali unayo mezani. Muuguzi wa zahanati huko Makete anajaza kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), mwisho wa mwezi anajumlisha kwenye fomu, fomu inapelekwa wilayani kuingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Chukua mahudhurio ya kwanza ya kliniki ya wajawazito, miezi sita, vituo vichache. Hesabu upya kitabuni, kisha linganisha na fomu na kilichomo kwenye mfumo. Zikipishana, zinapishania wapi: kwenye kujumlisha au kwenye kuingiza? Utafiti huo hauhitaji mfadhili wala programu mpya, na binafsi nauona una uzito kuliko aplikesheni nyingine ya simu iliyojaribiwa kwa wiki mbili.

Ila usiguse hivyo vitabu bila kibali. Watu wanadhani kwa kuwa takwimu ni za kituo chao, ni zao. Kuzitumia kazini ni sawa. Kuzigeuza utafiti ni jambo jingine. Kibali cha maadili kinatoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati ya chuo inayotambuliwa, na hakitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Baada ya hapo kuna safari ya barua: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa halmashauri, Mganga Mkuu wa wilaya, ndipo umfikie mganga mfawidhi. Anza mapema. Barua moja inaweza kulala mezani kwa sababu tu mwenye kusaini yuko semina Dodoma.

Jambo linaloniudhi hasa ni picha za skrini zenye majina halisi ya wagonjwa. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata kufuta majina pekee hakutoshi: mama wa miaka 46 aliyejifungua mapacha tarehe fulani, katika kijiji kidogo cha Rungwe, anajulikana na kila mtu.

Mkutano ukitaka waandishi wafichwe, mhakiki asijue nani kaandika, usiandike "hospitali ya rufaa ya kanda, Nyanda za Juu Kusini". Iko moja tu, umeshajitaja.

Soma na saa ya mwisho ya kutuma kwa makini. Baadhi ya mikutano hutumia saa ya eneo la mwisho duniani kumaliza siku, kwa hiyo saa 5:59 usiku ya kwao kwetu ni saa 8:59 mchana wa kesho yake. Usiitegemee, intaneti ya huku unaijua.

Kuhusu ada ya kushiriki, angalia kundi la nchi yako kabla hujapiga bajeti. Benki ya Dunia iliihamishia Tanzania kipato cha kati cha chini mwaka 2020, hivyo punguzo la nchi za kipato cha chini huenda lisikuhusu. Andikia waandaaji uulize msaada wa ada mapema, kwa sababu mara nyingi makala isiyo na mwandishi aliyelipa huondolewa kwenye kitabu cha mkutano, hata kama ilikubaliwa.