Niliambiwa Bomba ni Langu

Juma lililopita dada mmoja anayeishi Iowa, katika uwanja wa nyumba za trela, alinitumia picha ya ndoo tatu za theluji alizoziweka karibu na jiko ziyeyuke, apate maji ya kumwaga chooni. Maji yamemkatikia, na meneja wa uwanja amemwambia, “Nyumba ni yako, kwa hiyo na bomba ni lako,” yaani alitengeneze mwenyewe. Nimekwisha kumjibu kwa simu, lakini nimeona nijibu na hapa, kwa kuwa maneno hayo hayo niliambiwa mimi Februari 2021, kwa dharau ambayo mpaka leo haijanitoka masikioni.

Wengi wetu tulinunua trela kwa sababu tulichoka kupanga. Mimi nililipa dola 14,000, jasho la miaka mitatu ya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, nikapiga simu Nakuru kuwatangazia kwamba sasa nina nyumba Marekani. Sikuwaeleza kwamba ardhi iliyo chini yake si yangu na kwamba kila tarehe 1 ninailipia kodi. Hapo ndipo mwenye uwanja anapotushika: nyumba inaitwa ya kuhamishika, lakini kuihamisha hugharimu maelfu ya dola, na ikiwa kuukuu inaweza kuvunjika njiani au kukataliwa kule iendako.

Baridi ilipokaza, maji yalikatika kwa siku tisa. Meneja alinitaka nitafute fundi, nami kwa ujinga wangu nikamlipa mtu dola 280 atambae chini ya sakafu, kisha aniambie kwamba bomba langu halina kasoro. Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mzee kutoka Meksiko, ambaye alinichukua tukagonge milango ya nyumba nne za safu yetu, zote tukazikuta kavu. Bomba langu lingewezaje kumkatia maji mtu wa nyumba ya nne?

Basi, kabla ya kumwita fundi, waulizeni majirani. Katika jimbo la Iowa, sura ya 562B ya sheria inamtaka mwenye uwanja kuitunza katika hali nzuri na salama miundombinu anayowajibika kuitoa. Kwa kawaida bomba kuu, hadi linapoungana na nyumba yako, ni mzigo wake; kuanzia hapo kuingia ndani ni mzigo wako. Someni na mikataba yenu, ambayo najua wengi mmeitia sahihi bila kuisoma, kama nilivyofanya mimi.

Pili, andikeni. Nilimlalamikia meneja kwa mdomo mara sita, akanijibu kwa tabasamu mara sita. Barua yetu ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, idadi ya siku na sahihi za nyumba zote nne, tuliyoituma kwa rejista na kubaki na nakala, ilijibiwa ndani ya juma moja. Andikeni hata kama Kiingereza chenu kina makosa. Lakini msiache kulipa kodi kwa hasira kabla ya kuonana na mwanasheria, maana kutolipa ndiko kunakompa mwenye uwanja sababu ya kuwapeleka mahakamani. Iowa Legal Aid, shirika la msaada wa kisheria, huwasaidia bure watu wa kipato kidogo.

Na ikiwa uwanja wenu una kisima chake, kinachohudumia angalau nyumba 15 au watu 25 mwaka mzima, sheria ya shirikisho inataka maji hayo yapimwe, nanyi mpewe taarifa ya kila mwaka. Idaini. Huko Thermal, California, mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa amri ya dharura kwa uwanja wa trela wa Oasis Mobile Home Park, kwa kuwa maji yake yalikuwa na sumu ya aseniki karibu mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa cha mikrogramu 10 kwa lita, na aseniki haina rangi wala harufu.

Kwetu sisi walichimba mtaro mwezi Mei. Bomba kuu lilikuwa limelazwa futi mbili tu chini ya ardhi, katika jimbo ambalo baridi huweza kugandisha ardhi zaidi ya futi tatu. Zile dola 280 nilizidai kwa barua nyingine, nikakatiwa kwenye kodi ya Julai. Meneja hakuniomba radhi, na mpaka nilipohama hakunisalimu tena.