Kwa mnaoanza kazi, hiyo "poa tu" itawamaliza

Nawaandikia nyie mlioingia kazini au chuoni juzi juzi na tayari usiku hamlali mnawaza kwamba walikosea kuwachukua. Hiyo naijua vizuri. Miezi minne ya kwanza nilikuwa naingia ofisini tumbo limekaza, bosi akiniita tu najua leo ndo nimegundulika, na kila niliyekaa naye karibu nilimuona anajua kila kitu. Nikiulizwa vipi, najibu "poa tu". Kiukweli hiyo poa tu ilinichosha kuliko kazi yenyewe.

Siku moja nikakosea ripoti, safu moja nimeijumlisha mara mbili, ikarudishwa mbele za watu. Ni kosa la kurekebisha nusu saa lakini mi nilitoka pale barua ya kuacha kazi nimeshaiandika kichwani. Usiku nikamtumia meseji mwenzangu mmoja tulioanza wote, "leo nimeharibu ripoti, naona hii kazi siiwezi", akapiga hapo hapo. Hakuniambia mi nina akili sana wala nini, aliuliza safu gani, nikamwelekeza, akasema na yake wiki iliyopita ilirudishwa mara mbili. Sikuwa najua! Maana na yeye kila siku alikuwa anasema poa tu. Kesho yake tukakaa dakika 20 tukaipitia pamoja ikaisha.

Na msidhani ni udhaifu wenu. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliosoma na kufanikiwa kabisa, ila ndani wanaamini wamefika pale kwa bahati au kwa kuwazuga watu. Kitu walichokipendekeza ni kuwakutanisha kwenye kikundi, kwa sababu ukimsikia mtu unayemheshimu anasema hafai unaona wazi anajidharau bure, halafu unaanza kujiuliza na wewe je. Ndo kilichonitokea mimi kwenye ile simu.

Kwa hiyo ukiongea na rafiki taja kitu chenyewe. "Sina mudi" haimpi pa kushika, ila "nimeogopa kuuliza swali kwenye kikao mara tatu" inampa. Na mwambie unataka nini, asikilize tu au mfikirie wote, maana wengine wakisikia shida wanakimbilia ushauri na unaishia kujiona mzigo wakati mwenzio alikuwa anakupenda tu.

Kuna kosa nililifanya hapa. Baadaye tulikuwa na grupu la watu wanne, kila usiku tunalalamika mpaka saa sita, tunarudia yale yale ya jana, urafiki ulikua kweli lakini asubuhi naamka mzito zaidi. Aliyetuokoa ni mmoja wetu aliyeanza kuuliza, "sawa, kesho asubuhi unaanza na nini?" Mwanzoni iliniudhi, nikaona yeye hatujali sisi. Saivi ndo swali ninalowauliza wageni wote wanaokuja kwangu.

Usingizi na kula msipuuzie, mawazo ya saa nane usiku msiyaamini.

Lakini rafiki ana mwisho wake. Huzuni ikikaa wiki mbili, karibu kila siku, vitu ulivyovipenda havina ladha, hulali au unalala kupita kiasi, hiyo nenda kwa daktari au mshauri nasaha, na kama unawaza kufa au kujidhuru usisubiri hizo wiki, mwambie mtu leo hii na asikuache peke yako mpaka upate msaada. Mwaka wangu wa pili ilinifika, nilikuwa naahirisha kwenda kila wiki, mpaka yule yule wa ripoti akaomba ruhusa kazini akanisindikiza, akakaa nje kwenye benchi mpaka nikatoka.