Mvinyo huu ni mkali, au una ukakasi?

SWALI: Ninahudumu katika hoteli ya ufukweni hapa Mwanza. Wateja wakiniuliza Merlot ikoje, huwajibu "ni kali kidogo." Juzi mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, neno hilo silo." Niseme nini?

JIBU: Mzee amekusaidia. Neno -kali limebebeshwa mengi: pilipili ni kali, gongo ni kali, na jua la saa saba pale mwaloni Kirumba ni kali. Mteja akisikia "kali" atadhani unamtahadharisha kuhusu kileo, au kwamba mvinyo umeshachacha. Neno unalolitafuta ni ukakasi.

Kumbuka ulivyokula zambarau utotoni. Ulimi uligeuka rangi, kisha kinywa kikakauka na fizi zikakaza. Huo ndio ukakasi; bibo linao, ndizi mbichi inao. Siku hizi magazeti yanauandika kwenye mikataba na teuzi, "jambo hili lina ukakasi," lakini yameuazima tu kutoka mdomoni.

Katika mvinyo mwekundu, ukakasi huletwa na tanini zitokazo kwenye maganda na kokwa za zabibu, kwa kuwa maji ya zabibu huchachuka pamoja navyo. Mvinyo mweupe hutenganishwa na maganda mapema, ndiyo maana huusikii sana. Merlot, zabibu yenye asili ya Bordeaux, Ufaransa, kwa kawaida ina ukakasi laini kuliko Cabernet Sauvignon, na wengi huipendea hapo. Basi mwambie mteja: "Una ukakasi laini, hauparuzi."

Usiuchanganye na ugwadu, ule wa ukwaju. Jipime mwenyewe: piga funda dogo, lizungushe kinywani, meza, kisha subiri. Mate yakijaa, umeonja ugwadu. Kinywa kikikauka, ni ukakasi. Merlot nzuri ina vyote viwili, na hakuna kinachomfunika mwenzake.

Hukuuliza hili, lakini linaniuma kila nilisikiapo: usimwambie mteja kwamba mvinyo "unanuka matunda." Kinachonuka kimeharibika. Merlot inanukia, aghalabu plamu zilizoiva.

Na kwenye menyu yenu muandike mvinyo mwekundu, au divai nyekundu. "Mvinyo nyekundu" mulifute.